Jalada Jembamba la Mwalimu Maganga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la kaka yangu na viatu vya mjomba, vyote vikubwa kunizidi. Nilitoka nyumbani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, asubuhi, baba akiwa ameshaanza kugonga bati uani. Baba alikuwa fundi bati; alitengeneza ndoo, koroboi na keni za kumwagilia bustani. Alinitazama toka utosini hadi viatuni, akasema ukoo wetu ni wa wapagazi, babu zake walibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Ujiji mpaka pwani, basi na mimi nikabebe karatasi za watu, maadamu kuna kivuli. Sikujua kama ananibariki au ananicheka. Mpaka leo sijui.

Nilipelekwa masijala. Ninyi mnaofungua mashine na kubonyeza jina la mtu huenda hamjui masijala ya zamani ilivyokuwa. Kilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma ukutani na dirisha dogo la kuzungumzia na wananchi. Kila mtumishi na kila jambo vilikuwa na jalada lake, na barua iliyoingia humo ilitobolewa, ikapigwa namba inayoitwa folio, ikafungwa kwa kamba. Mkubwa akitaka kutoa neno aliandika dokezo kwenye karatasi ya mwanzo. Sisi makarani hatukuamua kitu. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha anayeamua ana karatasi zote mbele yake. Ukisikia hivyo unaiona kazi ndogo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu, mzee mmoja mwembamba wa Nzega, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Akikasirika Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na Kinyamwezi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kama najua kuhesabu mpaka mia bila kuruka. Nikasema najua. Akasema tutaona.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha vizuri, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Jalada halitoki chumbani bila kadi inayosema limekwenda kwa nani. Jalada jembamba humezwa na jalada nene, maana likiwekwa kwa haraka huingia katikati ya kurasa za jingine na kutoweka. Likipotea, usilie, usikimbilie kwa wakubwa, anza kukung'uta majalada manene moja moja. Na kama barua imefika na jalada lake halijaonekana, unaruhusiwa kufungua jalada la muda, lakini juu ya jalada unaandika MUDA kwa wino mwekundu, herufi kubwa, ili anayesoma ajue habari haijakamilika. Likipatikana la zamani, unayaunganisha. Kwenye hilo la wino mwekundu alikuwa hana mchezo. Alikuwa akisema, "Jalada la muda bila wino mwekundu ni uongo uliofungwa kamba."

Vijana wa ofisini kwangu wa zamani wameniomba niwaandikie faida na hasara za kazi ya mezani, eti wana sherehe yao na wanataka neno la wazee. Nadhani walitaka nichekeshe kidogo na kushauri kidogo. Basi nitaanza na faida, maana hizo hazina aibu.

Kivuli, kwanza. Wenzangu niliosoma nao walikuwa kwenye mashamba ya tumbaku, wanakohoa, mikono myeusi kwa utomvu, na mimi nimekaa chini ya paa nasubiri chai ya saa nne na maandazi. Halafu heshima. Wallahi, hata mke nilipewa na kiti kile. Nilipopeleka posa kwao Chemchem, marehemu baba mkwe hakuuliza naswali au siswali, naitwa nani au nimezaliwa na nani. Aliuliza nafanya kazi wapi. Mshenga akajibu, ofisini. Mzee akasema basi, na chai ikaletwa.

Hasara mnazozijua na ninyi mnazo: mgongo, macho, kifua cha vumbi la karatasi. Hizo si kitu. Kuna nyingine mbili. Moja ni kwamba kosa la ofisini halionekani. Baba akikosea kulehemu, ndoo ilivuja siku hiyohiyo, mwenye ndoo akairudisha kabla ya adhuhuri na kumsema mbele ya majirani, baba akaona haya, akaiziba. Mimi ningeweza kukosea asubuhi, nikanywa chai yangu, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzito. Ya pili ni lile dirisha. Mtu ametoka mbali, amevua kofia, anakuita mheshimiwa wakati wewe ni karani wa kuhesabu folio. Unamwambia njoo kesho. Mara ya kwanza unamwambia kwa sababu kweli una kazi. Baadaye unamwambia kwa sababu unaweza.

Nilikaa Tabora miaka sita, nikahamishiwa Nzega, kisha Igunga. Kule Igunga Mkuu wa Utawala alikuwa mtu wa vichekesho. Wafugaji walifunga ng'ombe kwenye nguzo ya bendera, naye akaagiza wafunguliwe jalada. Nilijifunza Kisukuma cha kuamkia na cha kukataa. Baadaye nikarudishwa upande wa magharibi, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, maana kosa nitakalolisimulia halikuwa la ofisi. Lilikuwa langu.

Hapo nilikuwa msaidizi wa kwanza masijala. Msimamizi wetu alikuwa anakaribia kustaafu, na kila mtu alijua mimi ndiye nitakayekalia kiti chake. Tulikuwa pia na Afisa Utumishi mpya, mama mmoja mkali lakini mnyoofu, asiyepokea hata embe kwa mtu.

Mwalimu Maganga alikuwa akifundisha shule moja karibu na Usoke, kule kwenye reli na tumbaku. Mama yake, aliyekaa kijijini upande wa Sikonge, alipooza upande mmoja wa mwili, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Mwalimu akaandika kuomba likizo bila malipo miezi mitatu. Afisa Utumishi wa zamani akamkubalia kwa barua, barua ikawekwa kwenye jalada lake, naye akaenda kumuuguza mama yake mpaka akamzika. Wakati yuko huko, Afisa yule akahamishwa mkoa mwingine na shule ikapata mwalimu mkuu mpya. Huyu mpya akahesabu siku, akaona mtu hayupo, akaandika kwamba Maganga ni mtoro kazini.

Barua ya utoro ikafika mezani kwangu. Nikatafuta jalada la Maganga kwenye droo yake, halipo. Kadi haikuonyesha kwamba limetoka. Nilijua maana yake: limemezwa. Nilijua pia la kufanya. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu yake wakaguzi wa kumbukumbu walikuwa wanakuja. Kukung'uta majalada manene ya droo ile na majirani zake ni kazi ya siku nzima, vumbi tupu. Na wakaguzi walikuwa na tabia ya kuuliza kwanza, mna majalada ya muda mangapi? Mimi nilitaka kuwajibu, hakuna.

Kwa hiyo nilichukua jalada jipya, nikaandika namba ileile ya Maganga, nikafunga ndani barua ya utoro, nikaipiga folio ya kwanza. Wino mwekundu ulikuwa kwenye kopo mbele yangu. Sikuugusa. Nilijiambia nitalitafuta la zamani wakaguzi wakishaondoka.

Wakaguzi walikuja, wakanisifu, wakaondoka. Sikulitafuta. Zikapita wiki. Siku moja Afisa Utumishi akaagiza jalada la Maganga kwa ajili ya kamati ya nidhamu. Nilimpelekea mwenyewe. Alilifungua, akaona barua moja tu, akashangaa, maana mwalimu alikuwa na miaka kumi na moja kazini. Akaniuliza, "Hili ndilo jalada lote?"

Bado nilikuwa na nafasi. Ningesema, mama, hili ni la muda, nipe mpaka kesho. Angenikaripia, basi. Nikasema, "Ndilo, mama."

Hakuniuliza tena. Aliniamini kwa sababu hata wakaguzi walikuwa wamenisifu.

Kamati ilikaa. Mimi nilikuwa ndani, kazi yangu kuwapa wajumbe majalada. Mwalimu Maganga aliingia na shati lililopigwa pasi, akaeleza kwamba aliandika barua na akajibiwa kwa barua. Wakamwambia aonyeshe nakala yake. Akasema nakala ilikuwa kwenye sanduku nyumbani, na aliporudi kutoka msibani alikuta mchwa wamelila sanduku lote na vitabu vyake. Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema hata watoto wa darasa la tatu wameacha kutoa sababu kama hiyo. Maganga akageuka, akaniona nimesimama kando ya kabati, akawaambia, "Muulizeni bwana huyu wa masijala. Nilimkabidhi barua yangu mkononi, pale dirishani."

Kweli alinikabidhi. Nilimkumbuka vizuri. Mwenyekiti akasema jalada ndilo litakalosema, si karani. Nami nikashukuru moyoni. Astaghfirullah, nilishukuru. Akafukuzwa kazi.

Miezi miwili baadaye nilikuwa natafuta barua ya mtu mwingine ndani ya jalada moja nene kama tofali. Nililiinua, jalada jembamba likaanguka miguuni kwangu. Maganga. Nikalifungua nikiwa nimechuchumaa palepale. Folio ya kumi na tatu, barua ya kuomba likizo, mwandiko mzuri wa mwalimu. Folio ya kumi na nne, kukubaliwa, sahihi na muhuri.

Muda wake wa kukata rufaa ulikuwa haujaisha. Zilibaki siku tisa, nilizihesabu. Na wiki ileile nilikuwa nimepewa barua kwamba kuanzia mwezi unaofuata mimi ndiye Msimamizi wa Masijala. Kama ningepeleka jalada lile ghorofani kwa Afisa Utumishi, swali la kwanza lingekuwa, mbona ulisema lile ndilo lote?

Siku ya nne Mwalimu mwenyewe alikuja dirishani. Alikuwa ametembea, viatu vimejaa vumbi. Aliniamkia kwa heshima ingawa tulikuwa karibu rika moja. Akaniambia, "Bwana Masudi, hebu nitafutie tena. Nakuomba. Labda limejificha mahali."

Jalada lilikuwa ndani ya droo yangu. Goti langu lilikuwa linaigusa droo ile wakati ananiambia. Nikamwambia, "Mwalimu, tumetafuta sana. Njoo wiki ijayo."

Akasema ahsante. Alisema ahsante, jamani. Wiki ijayo muda ulikuwa umekwisha.

Hapo nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilichukua majalada yale mawili, nikayaunganisha kama Karani Mkuu alivyonifundisha. Barua ya utoro nikaipiga namba mpya, folio ya kumi na tano. Barua ya kufukuzwa, kumi na sita. Nikaandika juu, Weka, yaani shauri limekwisha, lisifunguliwe mpaka lihitajike, nikalifungia kwenye kabati la watumishi walioondoka. Kazi safi kabisa. Sikuwahi kuunganisha majalada vizuri kama siku ile.

Nikawa msimamizi. Nikafundisha makarani wengi, na kwenye wino mwekundu nilikuwa mkali kumshinda hata mzee wa Nzega. Waliniogopa. Walidhani ni uadilifu. Mara mbili niliamua kwenda kusema, mara ya kwanza mtoto wangu akafaulu sekondari, mara ya pili nikaanza kujenga. Kila mwaka kulikuwa na kitu cha kulinda. Na kila mwaka aibu ya kusema ilizidi, maana sasa ningeulizwa si kosa tu, bali na ukimya wote ule.

Nilipostaafu nilifanyiwa sherehe kwenye ukumbi. Pilau, soda, hotuba. Mkurugenzi, kijana niliyempokea akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, alisimama akasema mzee Masudi katika utumishi wake wote hajawahi kupoteza jalada hata moja. Watu wakapiga makofi, mke wangu akapiga kigelegele. Mimi nikaenda nyuma ya ukumbi kutapika. Wakasema ni pilau, mafuta yalizidi.

Kustaafu kuna ubaya wake, kunakupa nafasi. Unakaa barazani Chemchem, huna barua ya kufungua, na kichwa kinafungua za zamani. Wazee wenzangu msikitini wakisimulia kazi zao mimi nacheka panapochekwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nakiona kifo kinakuja bila haraka. Vijana walipoleta ombi lao la faida na hasara, nilikaa na kalamu siku mbili. Faida nilizijaza ukurasa mzima. Nilipofika kwenye hasara nikagundua kwamba zangu ni za mgongo na macho tu. Zile kubwa hazikunipata mimi. Faida nilizila mimi, hasara nikampelekea mtu Usoke.

Niliandika barua kwa ofisi. Niliieleza yote, tarehe, folio, jibu nililompa Afisa Utumishi, nikasaini na kuipeleka kwa mkono. Majibu bado. Mwezi uliopita nikachukua nakala, nikapanda gari la Usoke.

Sikuhangaika kumpata. Nilipouliza Mwalimu Maganga watu wakauliza Mwalimu yupi, nikasema Maganga, wakasema aa, Baba Kalunde, yule wa tumbaku. Nilimkuta karibu na bani, kile kibanda cha kukaushia, amekaa kwenye gunia anafunga majani kwenye vijiti. Amezeeka, mikono imekuwa myeusi. Alinitambua mara moja. Akaniletea kigoda, akamwita mkewe alete maji, akaniuliza habari za Tabora. Hiyo ndiyo iliyoniua zaidi, kwamba alifurahi kuniona.

Nilimpa barua. Aliisoma kwa kidole, polepole, kama anasahihisha insha. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

Nikasema, "Mwalimu, barua yako ilikuwepo. Niliiona siku zako za rufaa zikiwa bado. Niliificha."

Nilingoja anitukane. Nilikuja nimejiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilikuwa nakitamani hicho. Alikuwa anatazama majani aliyoyashika.

"Nilishaamini sikuiandika," akasema.

Sikumwelewa. Akaeleza taratibu, wala si kwangu hasa. Miaka ya kwanza alikuwa na hakika. Kisha watu wakacheka, na wakwe, na watoto wake wakaulizwa shuleni habari za mchwa. Mkewe akawa anamwambia, kila walipokosa kitu, kwamba barua moja tu ilimshinda kuandika, barua moja. Akaanza kufikiri, mama alikuwa mgonjwa, nilikuwa silali, huenda niliiandika kichwani tu. Miaka kumi ya mwisho alikuwa hana shaka tena. Alikuwa amekwisha kumwomba mkewe msamaha kwa barua ambayo hakuiandika.

Akamwita mkewe. Mama Kalunde akaja na maji kwenye kopo, akapiga goti kunipa, kwa kuwa mimi ni mgeni na mtu mzima. Mwalimu akasema, "Mwambie na yeye."

Nikamwambia mwanamke yule aliyepiga goti mbele yangu. Sikuweza kumtazama. Niliposema folio ya kumi na nne, sahihi na muhuri, kopo likabaki mkononi mwake, hakunipa, hakuliweka chini. Aligeuka polepole kwa magoti yaleyale, akamwelekea mumewe, akainamisha kichwa. "Mwalimu," akamwita. Mwalimu akaweka majani pembeni, akauweka mkono wake mweusi begani kwa mkewe, na wote wawili wakalia, kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa pale, nimekaa kwenye kigoda chao. Hakuna aliyenikumbuka. Baada ya muda nikasimama, nikaaga, sikujibiwa. Kwa desturi za kwetu mgeni husindikizwa, hata yule mliyegombana naye, angalau mpaka kwenye njia. Nilikwenda peke yangu hadi barabarani, na nilitembea polepole kidogo, labda mtu angenifuata, hata kama ni kwa kunitukana. Hakuna aliyekuja.